Kwa nini hati ya uwakilishi hufa pamoja na aliyeitoa?

Mzee anamwandikia binti yake hati ya uwakilishi, ile ambayo wengine huiita nguvu ya kisheria, ili amsimamie nyumba na akaunti ya benki. Wakili anagonga muhuri. Baadaye mzee anafariki, na familia inaitoa karatasi kabatini ikiamini kwamba sasa ndipo kazi yake inapoanza. Kumbe ndipo ilipoishia.

Kosa hili halichagui msomi wala asiyesoma, na linaeleweka: hati ina picha, ina saini, ina muhuri, kwa macho inafanana na wosia. Lakini viwili hivi hupishana mlangoni. Wosia hauna nguvu yoyote mpaka mwandishi wake afe. Hati ya uwakilishi haina nguvu yoyote akishakufa. Kuongeza maneno "itadumu hata baada ya kifo changu" hakusaidii. Neno "isiyotenguliwa" nalo, peke yake, haliiokoi. Inaweza kunusurika pale tu mwakilishi anapokuwa na haki yake mwenyewe ndani ya mali ile, kwa mfano mkopeshaji aliyepewa mamlaka ya kuuza kiwanja ili ajilipe deni lake. Mtoto kutarajia kurithi si haki ya namna hiyo, hata awe mtoto wa pekee.

Tanzania, jambo hili limo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyofuata nyayo za sheria ya India ya mwaka 1872: uwakala, yaani mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mwingine, hukoma mtoaji au mwakilishi akifa au akipoteza akili, au mtoaji akitangazwa muflisi. Sababu ni kwamba mwakilishi hana mamlaka yake mwenyewe. Yeye ni bomba, tangi ni mtoaji. Bomba laweza kuwa jipya, koki inang'aa, fundi aliyeliunga ana cheti. Tangi likikauka halitoi tone. Muhuri wa wakili unathibitisha kwamba bomba liliungwa sawasawa siku ile. Kuhusu maji ya leo hausemi kitu.

Kwa hiyo kabla ya kuitumia hati, uliza: je, saa hii mtoaji angeruhusiwa kisheria kulifanya jambo hili mwenyewe? Yuko kazini Muscat: angeruhusiwa, hati inafanya kazi. Amepooza miguu lakini akili ni timamu: inafanya kazi. Amefariki: maiti haiuzi kiwanja. Amesahau kiasi kwamba haelewi anauza nini: hawezi, na hapo hati inakauka, mtoaji mwenyewe angali anakula na kulala. Hii ndiyo ajabu yake. Karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya siku ya shida hukata roho siku ya shida yenyewe.

Uingereza walilitungia sheria tatizo hilo mwaka 1985, na tangu Oktoba 2007 England na Wales wana hati ya kudumu isiyokufa akili inapoondoka. Bei yake ni ukali wa saini: kwanza mtoaji, mbele ya shahidi, kisha mtu anayethibitisha kwamba mtoaji anaelewa na hashurutishwi, mwisho wawakilishi. Tarehe zikivuruga mpangilio huo, hati haisajiliwi. Na hata hiyo haivuki kaburi.

Kwetu, akili ikiondoka, njia ni mahakamani. Ugumu ni kwamba usahaulifu wa uzee hauna siku moja ya kuanzia. Sheria yetu inakubali kwamba mtu ambaye kwa kawaida si timamu anaweza kufunga mkataba wakati akili imemrudia. Mzee mwenye siku nzuri na siku mbaya basi asaini siku nzuri, na daktari aandike barua siku hiyohiyo. Barua ya mwezi uliopita ina mwanya wa kupingwa.

Hati nyingine huzaliwa zimekufa. Kijana hupeleka kwa wakili karatasi iliyosainiwa nyumbani "ili igongwe tu", ilhali wakili anathibitisha kwamba mtu alisaini mbele yake: aandike mahali, tarehe, jina lake mwenyewe na jinsi alivyomtambua mtoaji. Anayeweka dole gumba asomewe kwa lugha anayoielewa, na maandishi yaseme alisomewa. Majina yalingane na kitambulisho, herufi kwa herufi. Kiwanja kitajwe kwa namba na kitalu, na kila tendo liandikwe, maana "kusimamia nyumba" hakubebi ndani yake "kuuza nyumba". Hati ya uwakilishi inayohusu ardhi iliyosajiliwa ipelekwe kwa Msajili wa Hati. Isiyolipiwa ushuru wa stempu haipokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ilipiwe.

Mtoaji akifa, mwakilishi habwagi funguo na kuondoka. Sheria inamtaka achukue hatua za busara kulinda alichokabidhiwa: afunge nyumba iliyo wazi, azibe paa linalovuja, atunze risiti, mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Kutoa fedha benki kwa ajili ya mazishi hakumo, hata kama kadi bado inakubali.