Uzamili wa fiziotherapia ya misuli na mifupa: mtu husomea nini hasa?

Hapa Kisumu ukitaja fizio, wengi huona mkono wenye mafuta na mgongo unaokandwa. Ndiyo maana nikisema mwenzangu amerudi chuoni kusomea uzamili wa misuli na mifupa, huulizwa: kukanda nako kunasomewa miaka yote hiyo? Swali ni la haki, na mimi niliye kazini humo ninadaiwa jibu.

Fiziotherapia hutumia mwendo, mazoezi, mikono na maelekezo kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake. Ina matawi: wapo wa waliopata kiharusi, wapo wa watoto wenye mtindio wa ubongo, wapo wa mapafu. Tawi la misuli na mifupa linashika maungio, kano, gegedu (ule mto laini unaofunika ncha za mifupa kwenye maungio), uti wa mgongo na neva zake, yaani shingo, bega, kiuno, goti. Foleni yake haiishi. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na ukikaa asubuhi moja nje ya kliniki kati ya Nakuru na Busia utawaona wa kwetu: mwendesha boda, mkata miwa, mwalimu, mama aliyebeba karai la samaki kichwani tangu usichana wake.

Nchini Kenya mtu huanza kwa diploma ya miaka mitatu KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, au digrii ya miaka minne chuo kikuu, kisha husajiliwa na baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Hapo anaweza kumhudumia mgonjwa wa tawi lolote. Uzamili huja baada ya digrii, naye huchagua tawi moja na kulichimba.

Anachochimba zaidi ni namna ya kufikiri akiwa mbele ya mgonjwa. Chukua mama wa miaka sitini hivi anayeuza samaki Dunga, ufuo wa ziwa hapa Kisumu. Goti la kulia linamuuma miezi minane. Picha imeonyesha gegedu la goti limelika kidogo, na tangu hapo kila mtu ameshughulika na goti: dawa ya kupaka, bendeji, mazoezi ya paja. Mwanafunzi wa uzamili naye anaanza kulibonyeza. Msimamizi ameketi pembeni, kimya, mpaka anapouliza, “Mama, viatu unavivaaje siku hizi?” Mama anacheka, anasema mjukuu ndiye humvalisha cha kulia.

Analazwa chali. Mwanafunzi anakunja nyonga na goti hadi pembe mraba, anashika kifundo cha mguu na kukipeleka upande wa nje polepole, ili paja lizunguke kwa ndani. Mguu wa kushoto unaenda bila shida. Wa kulia unakwama mapema, na mama anadaka goti lake: “Hapo hapo!” Lakini goti limekaa vilevile lilivyokunjwa. Kilichozungushwa ni nyonga. Baadhi ya neva zinazohudumia nyonga hutuma matawi hadi gotini, hivyo nyonga ikiugua mtu anaweza kuusikia uchungu gotini. “Ulijuaje ni goti?” msimamizi anauliza wakiwa wawili. “Alisema ni goti.” Kuanzia wiki hiyo mazoezi ya mama yanakuwa ya nyonga.

Hilo halifundishwi ubaoni. IFOMPT, shirikisho la kimataifa la tawi hili lililoundwa Montreal, Kanada, mwaka 1974, linataka mwanafunzi apate angalau saa 150 za kuhudumia wagonjwa huku mtaalamu mzoefu akimwongoza. Kwa maoni yangu saa hizo ndizo uzamili wenyewe. Kozi isiyokuwa nazo itampa mtu cheti, na goti la yule mama litaendelea kubonyezwa.

Mikono nayo inafunzwa, tena kwa makini. Geoffrey Maitland, mtaalamu wa fizio wa Australia, aliwazoesha wanafunzi wake kupima, kutibu, kisha kupima tena papo hapo kama kuna kilichobadilika. Robin McKenzie, mwenzake wa New Zealand, alifunzwa na bahati. Mwaka 1956 mgonjwa wake mwenye maumivu ya kiuno na mguu alilala kifudifudi kwenye kitanda ambacho upande mmoja ulikuwa umeachwa umeinuliwa, mgongo ukapinda kwa nyuma. McKenzie aliporudi baada ya dakika kama tano alishtuka, lakini mgonjwa akamwambia mguu umeacha kuuma. Mwingine angeshukuru Mungu na kuendelea na kazi. Yeye alikaa akajiuliza kwa nini.

Mwanafunzi hujifunza pia wakati wa kutogusa. Vinyozi wetu hupenda kumalizia kwa kukuvunja shingo, ka! Shingoni mna mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na kuna mtu ambaye shingo yake haifai kuzungushwa ghafla hata na profesa. Mgonjwa wa kiuno mwenye ganzi pale panapogusana na tandiko la baiskeli, au anayeshindwa kukojoa, hahitaji zoezi. Anahitaji kufikishwa hospitali kubwa siku hiyohiyo.

Nikiwa mgeni kazini, mahali nisipopataja, nilimhudumia kijana wa mgongo kwa wiki tano. Nilimkanda, nikampa mazoezi, nikamtia moyo. Sikumuuliza kama maumivu yanamwamsha usiku, wala kwa nini mshipi wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya. Ilikuwa TB ya uti wa mgongo, maana ugonjwa huo haukai kifuani tu. Alipata dawa na anatembea, ila mgongo ulibaki na kibyongo. Wiki zile tano bado ziko nami.

Mwisho wa masomo kuna utafiti na tasnifu. Hapa ndipo ningependa vijana wetu wasiige mada za kwingine. Tafiti nyingi za mgongo zimefanywa katika nchi tajiri, kwa watu ambao hawabebi mizigo kichwani. Karai la samaki kutoka ufuoni Dunga hadi sokoni huifanyia nini shingo ya mama kwa miaka thelathini? Mchuma chai wa Kericho mwenye kikapu mgongoni afanye zoezi gani jioni, akiwa amechoka na bado hajapika?