Kuchagua mbegu: yai la kahawia iliyokolea na kuku mwenye umbo

Kuchagua mbegu ni kuamua kuku yupi azae na yupi aende sokoni, kisha kuurudia uamuzi huo kila kizazi kwa kipimo kilekile. Anayetaka mayai yenye ganda la kahawia iliyokolea kutoka kwa kuku mwenye mwili mzuri anafanya chaguzi mbili ndani ya ndege mmoja. Umbo unaliona kwa macho na kulishika kwa mkono, kwa jike na kwa jogoo. Rangi ya ganda huonekana kwa jike tu, tena akishaanza kutaga, na jogoo anaibeba damuni bila dalili yoyote. Ugumu wa kazi hii unaanzia hapo.

Rangi yenyewe ni kama koti. Yai hukaa mwilini mwa kuku saa 24 hadi 26, na karibu saa 20 kati ya hizo hukaa kwenye mfuko unaotengeneza ganda. Ganda hujengwa likiwa jeupe. Saa chache za mwisho kabla ya kutagwa, mfuko huo hulipaka rangi ya kahawia iitwayo protopofirini. Vunja yai la kahawia iliyokolea, toa ute, utazame ndani ya ganda: ni jeupe au limepauka. Chukua lingine lililotagwa asubuhi hiyohiyo, lisugue kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kitabaki na alama ya kahawia. Kwa hiyo mayai ya mbegu hayaoshwi. Yai la buluu ni jambo jingine, kwa kuwa rangi yake imeingia hadi upande wa ndani wa ganda.

Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa sana katika masoko ya Kilombero, Arusha, na Mbuyuni, Moshi. Rangi ya ganda haina uhusiano na rangi ya kiini. Kiini cha njano hutokana na chakula, hasa majani mabichi na mahindi ya njano, wakati ganda ni urithi. Pia ganda jeupe si uthibitisho kwamba yai ni la kienyeji. Kuku wa mayai wa kisasa wengi hutaga kahawia, na wa kienyeji wengi hutaga rangi ya maziwa au kahawia hafifu, ndiyo maana watu wamezoea kuhukumu hivyo. Lakini chini ya migomba ya kihamba kimoja, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, unaweza kukuta mitetea mitatu wa kienyeji wenye rangi tatu.

Mbegu zinazosifika kwa ganda jeusi, yaani la kahawia iliyokolea sana, ni Marans wa Ufaransa, Welsummer na Barnevelder wa Uholanzi, na Penedesenca wa Catalonia, Hispania. Wafugaji wa Marans hutumia kadi ya rangi yenye namba 1 hadi 9, na yai lililo chini ya 4 halihesabiwi kuwa la Marans halisi. Kadi hiyo inafaa kuigwa hata kama huna kuku hao. Chukua maganda ya mayai yako, yapange kutoka hafifu hadi lililokolea, yabandike kwenye ubao na uyape namba. Uyahifadhi gizani, maana mwanga hupausha rangi. Ukilinganisha yai jipya, fanya hivyo nje, kivulini, siku lilipotagwa. Taa ya ndani hudanganya.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuchagua yai jeusi zaidi kwenye trei na kulitia kwenye mashine ya kuangulia. Rangi hufifia kadiri kuku anavyoendelea kutaga. Mayai ya kwanza ya tembe, yaani jike mchanga anayeanza kutaga, ni meusi sana, na baada ya miezi kadhaa yanapauka. Kuku akipumzika, kwa kuatamia au kwa kunyonyoka manyoya, anarudi na mayai meusi kisha hufifia tena. Kuku anayetaga mayai mawili kwa wiki naye kwa kawaida hutoa yai jeusi kuliko anayetaga matano. Ukifuata yai jeusi peke yake, baada ya vizazi vitatu utakuwa umekusanya wavivu wa kutaga, huku ukiamini umeboresha rangi. Kipimo cha haki ni kuwalinganisha mitetea wa umri mmoja, wote wakiwa wametaga kwa miezi miwili hadi mitatu, na kuandika pamoja rangi na idadi ya mayai. Mtetea mwenye namba 5 anayetaga mayai manne au matano kwa wiki ana thamani kuliko mwenye namba 7 anayetaga moja.

Ili ujue yai ni la nani, mvishe kila jike pete yenye namba, kisha utumie kiota cha mtego, chenye mlango unaoshuka kuku akiingia. Lazima uvipitie viota kila saa moja au mbili asubuhi, la sivyo kuku wataumia kwa joto na kukosa maji. Asiye na nafasi hiyo awatenge majike mmojammoja kwa siku nne au tano. Kumtenga humshtua kuku, na kuku aliyeshtuka hulishikilia yai, ganda likatoka na vumbi la kijivu au mistari. Usiyahesabu mayai ya siku mbili za kwanza.

Sasa jogoo. Nusu ya urithi wa rangi ya binti inatoka kwake, na rangi huongozwa na vinasaba vingi kwa pamoja, si kimoja. Ukimpandisha jogoo wa ukoo wa mayai meupe kwa mtetea wa namba 6, mabinti watataga katikati, yaani kahawia ya wastani. Ukiwapandisha watoto hao wenyewe kwa wenyewe, wajukuu watatawanyika: wengine hafifu, wengine wa katikati, wachache sana waliokolea. Hao wachache ndio wa kurudishwa kwa jogoo wa ukoo mweusi. Jogoo hupimwa kwanza kwa mama yake na dada zake, na mwishowe kwa mabinti zake. Mabinti wanane hadi kumi wanatosha kusema ukweli wake, ila wawili hawatoshi.

Umbo linashughulikiwa mapema zaidi. Katika wiki ya nane ondoa wenye midomo iliyopinda, vidole vilivyopinda na mkia ulioegemea upande mmoja. Katika wiki ya 16 hadi 20 mshike kila mmoja. Weka kiganja mgongoni: uwe mpana mabegani na usisinyae haraka kuelekea mkiani. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari: uwe mrefu na ulionyooka. Ukipinda kama herufi S, mfupa huo ni ishara ya upungufu wa madini, kulalia kitagaa chembamba akiwa mdogo, au urithi, na kwa mbegu haufai. Msimamishe umtazame kwa mbele: miguu iachane, magoti yasigusane. Mtetea anayetaga apitishe vidole viwili au zaidi kati ya mifupa ya nyonga, na vitatu au vinne kutoka nyonga hadi ncha ya kidari. Uzito pia uandikwe. Marans jogoo mzima huwa kilo 3.5 hadi 4, na jike kilo 2.6 hadi 3.2. Kwa chotara au kienyeji, weka lengo lako kwa kupima kundi lako na kubakiza theluthi ya juu.

Ukitotolesha vifaranga 40, tarajia karibu majogoo 20. Bakisha wawili au watatu. Kwa mitetea 20, bakisha watano au sita. Ni uchungu kuuza kuku mzuri, lakini anayebakiza kumi na tano hajachagua chochote. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: kata kwanza kwa umbo na afya, kisha kwa utagaji, na rangi iwe ya mwisho kati ya waliobaki. Umbo lililopotea kwa kufukuzia rangi huchukua miaka kurudi.

Yai jeusi lina shida yake mashineni: tochi ya kukagua kama kifaranga anakua haionyeshi kitu ndani. Badala ya kukisia, tumia mzani wa jikoni wenye gramu. Yai linatakiwa kupoteza asilimia 11 hadi 14 ya uzito hadi siku ya 18, hivyo lenye gramu 65 lifike karibu gramu 57. Likiwa bado 61, unyevu ni mwingi, na kifaranga anaweza kufa akiwa amelowa siku ya kutoka. Arusha iko juu, karibu mita 1,400, hewa ni nyepesi na mayai hukauka haraka kuliko Moshi. Mashine yenye feni iwekwe nyuzi 37.5 hadi 37.7, na unyevu wa asilimia 45 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha 65 hadi 70.

Ili ndugu wasizaane ovyo, gawa kundi katika koo tatu. Mabinti hubaki katika ukoo wa mama yao, na vijana wa kiume husogea: wa kwanza kwenda kwa pili, wa pili kwa tatu, wa tatu kwa kwanza. Jogoo mmoja kwa majike wanane hadi kumi.

Rangi ikipauka ghafla kwa kundi zima, usilaumu mbegu. Tafuta mdondo au bronkaitisi ya kuku, utitiri bandani, joto kali, au dawa ya koksidia (ugonjwa wa utumbo wa kuku) yenye kemikali ya nicarbazin, ambayo huondoa rangi ya ganda hata kwa kuku wazima. Chanjo ya mdondo ya I-2 hutolewa kwa tone la jicho na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mayai ya kipindi hicho cha kupauka yasiingie kwenye daftari la uchaguzi.

Kuna hesabu moja ya muda. Jogoo anaanza kupanda akiwa na miezi saba, mayai huangua kwa siku 21, mabinti huanza kutaga miezi sita na nusu baadaye, halafu unasubiri miezi miwili rangi itulie. Majibu yanapofika, baba yao ana karibu mwaka na nusu. Desemba, watu wanaporudi Moshi kwa Krismasi, jogoo mkubwa na mnene ndiye wa kwanza kukamatwa, na mara nyingi ni huyohuyo ambaye daftari lilikuwa halijamaliza kumsema. Mvishe pete nyekundu, mhamishie banda la peke yake kuanzia Novemba, na uwaambie wote wa nyumbani kwamba wa kuchinjwa ni wale wa banda la pili.