Paul Robeson nchini Uingereza: yasemwayo na yaliyokuwa

Ukimtaja Paul Robeson, wengi watakuimbia kipande cha ule wimbo wa mto Mississippi kwa sauti nzito, kisha wacheke. Wachache wanajua kwamba mwigizaji huyu Mmarekani aliishi London kwa zaidi ya miaka 10, akaondoka mwaka 1939. Na hata hao wachache huchanganya mambo.

Dhana: Ndiye mtu mweusi wa kwanza kuigiza Othello, yule jemadari mweusi wa mchezo wa Shakespeare, nchini Uingereza.

Sivyo. Ira Aldridge, Mmarekani mwenzake, aliigiza Othello katika ukumbi wa Covent Garden, London, mwaka 1833, karibu karne nzima kabla ya Robeson kupanda jukwaa la ukumbi wa Savoy pamoja na mwigizaji Peggy Ashcroft mwaka 1930. Tena aliyemnoa Robeson sauti kwa ajili ya mchezo ule ni Amanda Aldridge, binti wa Ira. Kijiti kilipokezwa nyumbani kabisa.

Wanaodhani baada yake mlango ulibaki wazi nao wanajidanganya. Robeson alirudi kuwa Othello huko Stratford mwaka 1959. Miaka mitano tu baadaye, Laurence Olivier, mwigizaji mzungu wa Kiingereza, alijipaka rangi nyeusi akaigiza nafasi hiyohiyo National Theatre, na akashangiliwa.

Dhana: Alijiuza kwa wakoloni katika Sanders of the River.

Filamu yenyewe, ya mwaka 1935, haina utetezi: inamsifu mtawala wa Kiingereza kama baba wa watoto wasiojiweza. Lakini Robeson aliingia akivutiwa na nyimbo na ngoma zilizorekodiwa Afrika, akitumaini utamaduni wetu utaonyeshwa kwa heshima. Alipoona kilichotoka, aliikana hadharani. Miongoni mwa waigizaji wadogo alikuwemo mwanafunzi mmoja kutoka Kenya, Jomo Kenyatta. Na katika miaka hiyohiyo Robeson alijiandikisha School of Oriental Studies, London, na mojawapo ya lugha alizosoma ni Kiswahili. Mtu aliyejiuza hahangaiki na ngeli.

Dhana: Mapenzi yake na Wales ni ya kwenye sinema.

Sinema ilikuja mwisho. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikutana barabarani London na wachimba makaa ya mawe kutoka Wales Kusini, waliotembea kwa miguu hadi mjini kudai haki zao, wakiimba. Akajiunga nao palepale, na tangu hapo akawa akienda kwao kuimba na kuwachangia. Sinema yenyewe, The Proud Valley, ilitoka mwaka 1940. Humo yeye ni baharia mweusi anayepokewa na kwaya ya wachimbaji kwa sababu ya besi yake. Wengine wanapolalamikia rangi yake, mwenzao anawauliza kama kule chini mgodini si wote ni weusi.

Wachimbaji hawakumsahau. Marekani ilipomnyang'anya pasipoti mwaka 1950 kwa sababu ya siasa zake, walimwalika hivyohivyo. Tarehe 5 Oktoba 1957 aliketi studio New York akaimba kwa simu, kupitia waya uliolazwa chini ya Atlantiki, na sauti ikajaza ukumbi wa Grand Pavilion mjini Porthcawl. Kwaya ya wanaume wa Treorchy ikamwimbia na yeye. Pasipoti ilirudishwa mwaka 1958, na mwaka huohuo alikuwa Ebbw Vale, kwenye tamasha la Eisteddfod, ana kwa ana.

Dhana: Siku hizi ni wazee tu wanaomkumbuka.

Manic Street Preachers, bendi ya kutoka Wales, waliimba juu yake mwaka 2001. SOAS, ndiyo ile shule alikosomea Kiswahili, ina hosteli ya wanafunzi yenye jina lake. Naye msanii wa London Steve McQueen alichukua mafaili ambayo FBI ilikusanya juu ya Robeson akayageuza kuwa kazi ya video: kurasa zinapita kwenye skrini saa baada ya saa, sauti zikizisoma, mistari mingine imezibwa kwa wino mweusi.