Paneli za mwanga mwekundu: maneno ya boksi na ukweli wa meza ya fundi

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliniletea paneli yake, lile bati la vitaa vya LED ambalo watu hujimulika nalo ngozi au maungio wakitafuta nafuu, imefungwa ndani ya kitenge, kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa. Ndugu yake alimletea kutoka Dubai kwa ajili ya goti linalomsumbua mwaka wa tatu sasa. "Fundi, nimeibiwa," akasema. "Nimeitumia siku mbili tu, na nusu ya taa zimekufa." Nikaichomeka. Kweli, kati ya vitaa 60, thelathini viliwaka vyekundu na thelathini vilibaki vyeusi, kimoja hiki kinawaka, cha pembeni kimezima, mstari mzima hivyohivyo. Nikatoa simu, nikafungua kamera ya kujipiga picha, nikaielekeza kwenye paneli na kumgeuzia kioo aone. Mle ndani ya simu vile vitaa "vilivyokufa" viling'aa rangi ya zambarau iliyopauka. Akatazama paneli, akatazama simu, akatazama tena paneli, halafu akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Vilikuwa vizima kabisa. Ni vitaa vya infraredi, nanomita 850 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), mwanga ambao jicho la mtu halikuumbwa kuuona vizuri. Macho yetu yanaishia karibu na nanomita 700; ukizima taa za chumba unaweza kuona kwa mbali wekundu hafifu sana, basi. Kamera ya simu inaona mbele zaidi kuliko sisi. Kwa hiyo kabla hujagombana na aliyekuuzia, pima kwa simu. Kinyume chake pia ni kweli: boksi likisema kuna infraredi na simu haioni chochote kwenye vitaa vyeusi, hapo una haki ya kugombana.

Tangu siku hiyo watu hapa Kamalondo wananiuliza karibu kila wiki: ipi nzuri? Wananionyesha picha kwenye simu, paneli tatu au nne, na kila moja ina namba kubwa kuliko mwenzake. Mtu yuko tayari kutoa makuta aliyoyaweka miezi mingi. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Ninaona watu wazima, wenye maumivu ya kweli, wakichagua kwa kufuata namba ambazo hazina maana wanayodhani.

"Ya wati 300 inashinda ya wati 100"

Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu ni hesabu ya darasa la sita. Boksi la yule mama liliandikwa wati 300. Zimetoka wapi? Vitaa 60, kila kimoja kinaitwa cha wati 5. Sitini mara tano, mia tatu. Lakini hizo wati 5 ni mzigo ambao kitaa kinaweza kuubeba, si mzigo kinaobebeshwa. Ukikibebesha wote, ndani ya bati jembamba lenye feni mbili ndogo, hakitadumu. Kwa hiyo kiwanda kinakipa chini ya nusu. Nina kipimo cha wati, kile unachokichomeka kwenye priza kisha unachomeka kifaa juu yake. Nilipoipima paneli ya mama, kilionyesha 110. Wati mia moja na kumi, na humo humo feni zimekula zao na draiva, kile kifaa kinacholisha vitaa umeme, imepoteza zake kwa joto.

Sitasema kiwanda kimedanganya kwa kila paneli. Wengine huandika chini, kwa herufi ndogo, matumizi halisi ya umeme. Tafuta mstari huo. Muuzaji akishindwa kukuambia paneli inavuta wati ngapi kutoka ukutani, hana cha kukuambia kuhusu nguvu yake.

"Imeandikwa miliwati 180, basi ni kali sana"

Hapa naomba uvumilivu, maana ndipo penye faida. Nguvu ya mwanga unaofika kwenye ngozi hupimwa kwa miliwati kwa kila sentimita mraba. Ndiyo namba muhimu kuliko wati, na ndiyo inayoongezwa chumvi kuliko zote. Ili ujue ukubwa wake, chukua jua letu la Lubumbashi, mwezi wa kumi, saa sita mchana, lile linalofanya lami ilainike. Mwanga wake wote, rangi zote pamoja na infraredi, unafika karibu miliwati 100 kwa sentimita mraba. Sasa kipaneli cha kuning'iniza mlangoni kinadai 180, ukiwa umesimama sentimita 15 mbali nacho?

Fanya hesabu mwenyewe. Paneli ya mama inavuta wati 110. Vitaa vizuri vya LED hugeuza karibu nusu ya umeme kuwa mwanga, nusu nyingine inakuwa joto. Basi tuseme wati 55 za mwanga, yaani miliwati 55,000. Uso wa paneli ni sentimita 20 kwa 44, sentimita mraba 880. Gawanya: kama 62. Na hiyo ni wastani pale pale kwenye uso wake, pua ikiwa inagusa. Ukirudi nyuma mwanga unatawanyika na namba inashuka. Katikati pale, lenzi zikiwa nyembamba, unaweza kukuta pamepata zaidi kuliko pembeni, lakini 180 mwili mzima haitoki popote. Haiwezi kutoka.

Namba za namna hiyo mara nyingi hazikubuniwa. Zilipimwa, ila kwa kifaa kisichofaa. Kuna vipimo vya bei nafuu vilivyotengenezwa kwa ajili ya mafundi wa sola, na vimerekebishwa kwa ajili ya mwanga wa jua wenye rangi zote. Ukivielekeza kwenye mwanga mwekundu na infraredi peke yake vinazidisha, mara nyingi karibu maradufu. Muuzaji anapiga picha ya namba, anaiweka kwenye tangazo, na mtu anaona "kipimo halisi." Kwa hiyo ukilinganisha paneli mbili uliza mambo mawili: namba hii ni ya umbali gani, na ilipimwa kwa kifaa gani? Paneli inayosema 40 kwa sentimita 30, imepimwa na maabara, ni ya kuaminika kuliko ile ya 200 isiyotaja umbali.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalipendi: paneli dhaifu si lazima iwe mbaya. Dozi ni nguvu mara muda. Miliwati 30 kwa dakika tano zinakupa juli 9 (juli ni kipimo cha nishati) kwa sentimita mraba. Miliwati 60 zinakupa juli hizo hizo 9 kwa dakika mbili na nusu. Tofauti ni muda wako. Kama shida ni goti moja, paneli ndogo inatosha kabisa. Ile ndefu ya kusimama mbele yake mwili mzima inalipa tu kama kweli unataka kuangaza mwili mzima na hutaki kugeuka geuka.

"Ukikaa saa nzima utapona haraka"

Hapana. Watafiti wameona mara nyingi kwamba dozi ndogo husisimua chembe hai, na dozi ikizidi faida inapungua au inageuka. Ni kama mbolea shambani, gunia zima kwenye shina moja huunguza mhindi. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mwanga huu unapokelewa ndani ya mitokondria, vile vinu vya nishati vya chembe, na vinu vina kikomo. Dakika chache, mara kadhaa kwa wiki, ndivyo majaribio mengi yalivyofanywa.

"Yenye rangi saba inashinda yenye mbili." Utafiti mwingi umefanywa kwenye makundi mawili tu, nyekundu ya nanomita 630 hadi 660, na infraredi ya 810 hadi 850. Nyekundu inaishia karibu na ngozi, infraredi inazama ndani zaidi. Ukigawa vitaa 60 kwa rangi saba, kila rangi inabaki na vitaa vinane au tisa. Sioni sababu ya kulipia hilo.

"Taa yoyote nyekundu ni ile ile"

Kijana wa Ruashi aliniambia babu yake anaota miguu kwenye taa ya vifaranga, ile balbu nyekundu ya wati 250, kwa sababu "ni infraredi vilevile." Nilifunga karakana nikaenda naye. Ile balbu kazi yake ni joto. Inatoa mawimbi mengi marefu yanayochemsha ngozi ya juu, na wekundu wake ni kioo kilichopakwa rangi. Mzee mwenye sukari ambaye miguu yake imekufa ganzi hasikii anapoungua, na babu yule alikuwa na sukari. Tayari alikuwa na lengelenge kwenye kisigino. Paneli ya LED haifanyi kazi kwa joto, ukiisikia vuguvugu ni kawaida, lakini kukosa joto si dalili kwamba haifanyi kazi. Na vile vimkanda vya rangi vya kupamba sebule? Ni pambo, vibaki pambo.

"Inaponya kila kitu"

Mambo haya yalianza kwa bahati. Mwaka 1967 daktari Endre Mester wa Budapest, Hungaria, alikuwa akimulika panya kwa laser nyekundu akichunguza saratani. Akaona nywele alizozinyoa zinaota upesi pale palipomulikwa. Tangu hapo kuna ushahidi wa maana kwa mambo machache: vidonda vya mdomoni kwa wagonjwa wanaotibiwa saratani (hapo wataalamu wa kimataifa wanapendekeza kabisa, kwa vifaa vya hospitali), aina fulani za kupungua nywele, mikunjo ya ngozi kidogo. Kwa goti na maungio, baadhi ya majaribio yaliona maumivu yanapungua kwa muda, mengine hayakuona tofauti, na mengi yalitumia laser ya kliniki iliyogusishwa kwenye ngozi, si paneli ya nyumbani. Kwa hiyo goti linaweza kupata nafuu. Kurudishiwa gegedu iliyolika, hapana. Na anayekuambia paneli inatibu sukari, presha au figo, mwache aende na paneli yake. Usiache vidonge vyako.

"Ina cheti cha FDA." Shirika hilo la Marekani linalosimamia dawa na vifaa vya tiba lenyewe limesema halitoi vyeti vya usajili. Kiwanda kinaweza kujiandikisha kwao na bado bidhaa yake isiwe imekaguliwa na mtu. Kuna ngazi nyingine, ya kuruhusiwa kuuza kwa sababu kifaa kinafanana na kingine kilichokwisha kuruhusiwa. Hiyo ina namba yake, na namba hiyo inatafutika kwenye intaneti. Karatasi yenye tai na mhuri wa dhahabu si kitu.

Ngozi yetu, na macho

Dada wengi wananiuliza kama paneli inang'arisha, yaani kama inafanya ngozi iwe nyeupe. Haifanyi hivyo, wala haikuundwa kwa hilo. Wengine wanaogopa itawachoma kama jua au kuwapa saratani: paneli halisi haina mionzi ya urujuanimno, ile inayobabua, na kwa sababu hiyo hiyo haikupi vitamini D. Lakini kuna jambo ambalo vijitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wazungu havisemi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulikuta kwamba ngozi nyeusi inavumilia dozi ndogo zaidi ya mwanga mwekundu, juli 320 kwa sentimita mraba dhidi ya 480 kwa ngozi nyeupe. Namba hizo ziko mbali sana na dozi ya nyumbani, na huenda sababu ni melanini, ile rangi ya ngozi, inayomeza mwanga na kupata moto. Anza na nusu ya dakika zilizoandikwa. Mwenye mabaka meusi usoni yaliyoletwa na mimba au mafuta ya kujichubua amwone daktari wa ngozi kwanza, joto linaweza kuyazidisha. Hivyo hivyo mwenye lupus (ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe), mwenye uvimbe wa saratani, na anayetumia dawa inayofanya ngozi isivumilie mwanga.

Macho, funga. Vaa miwani ya kinga inayokuja na paneli, na watoto wasiachwe waikodolee. Mwaka 2023 madaktari wa China walieleza habari za msichana wa miaka 12 aliyeumia retina kwa kifaa cha laser nyekundu cha kutibu macho yasiyoona mbali. Paneli si laser, lakini infraredi haionekani, kwa hiyo jicho halijui kujikinga nayo.

Na umeme wetu

Hili halimo kwenye tangazo lolote. Geuza paneli usome mahali palipoandikwa volti za kuingilia. 100 hadi 240, sawa. Ikiandikwa 110 peke yake ni ya soko la Marekani. Ukiichomeka kwenye 220 yetu unasikia mlio mmoja tu, na nimeshapokea mbili zilizokufa hivyo. Wakati wa delestaji, umeme unapokatwa kwa zamu, ichomoe, usiiache ikisubiri umeme urudi. Snel, kampuni yetu ya umeme, ikirudisha, ule mshtuko wa kwanza ndio unaoua draiva. Stabilizateri ya kawaida inasaidia. Na kabla ya kulipa uliza kama draiva na feni zinauzwa peke yake, kwa sababu vitaa vyenyewe ni nadra kufa.

Paneli ya yule mama sikuitengeneza, maana haikuwa na ugonjwa. Nilipima wati, nikapiga hesabu mbele yake, nikampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayefahamu magoti, naye akampa mazoezi ya paja ya kila asubuhi. Kisha nikabandika utepe mweupe nyuma ya bati na kuandika kwa kalamu nzito: sentimita 20, dakika 4, mara tatu kwa wiki, macho yafungwe. Juzi alipita na mfuko wa unga kichwani akaniambia ngazi za kanisani anazipanda bila kushika ukuta. Kama ni mwanga au ni mazoezi, hata yeye hajui, na yote mawili anaendelea nayo.