Verossa kwenye foleni, 404 kwenye machungwa

Juzi nilikuwa kwenye daladala, foleni ya Ubungo, siti ya dirishani. Ubavuni kwetu ikasimama Toyota Verossa ya rangi ya fedha, boneti lina mikunjo mirefu inayoshuka hadi kwenye pua nyembamba, kama gari lililokasirika. Nikajikuta nimeinuka kwenye siti. Konda akanitazama: "Kaka, unamjua mwenye gari?" Simjui. Namjua Verossa.

Kazi yangu ni kukagua magari ya mtumba kabla mtu hajatoa hela, kwa hiyo kutazama magari kwangu hakuna Jumapili. Watu wakisikia hivyo huniuliza nimeona gari gani adimu hapa Dar, na najua wanachotarajia: niwatajie mnyama fulani wa Masaki, milioni mia kadhaa, ekzosi inayotikisa madirisha. Yale hayahitaji jicho. Hata mtoto wa chekechea atageuka.

Mimi nahesabu hivi: gari ni adimu au si adimu kulingana na mahali uliposimama. Verossa iliuzwa Japani peke yake, 2001 hadi 2004. Mpenda magari wa Ujerumani anaweza kuzeeka asiione hata moja barabarani kwao. Toyota Opa nayo ilitengenezwa 2000 hadi 2005, na Ulaya haikupelekwa kabisa. Sisi tumezipata kwa sababu mitumba ya Japani ina usukani upande wetu na inashuka bandarini kila wiki, ndiyo maana Opa tunaipakia magunia ya mkaa bila kuifikiria mara mbili. Upande wa pili, Peugeot 504 iliyowabeba baba zetu, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, leo ukiiona Buguruni unampigia mtu simu.

Shida ni kwamba gari la kuvutia mara nyingi limevaa nguo za gari la kawaida, na mfano mzuri ni ukoo wa Toyota Mark II. GX100, ile tunayoiita baluni, pamoja na ndugu zake Chaser na Cresta, tumezizoea mpaka tumezichoka. Nyingi zina injini ya 1G, ile ya upole isiyo na turbo, gari la mzee mstaafu kwenda sokoni. Lakini ndani ya bodi hiyohiyo Toyota waliweka pia 1JZ-GTE yenye turbo, hospawa 280, namba ambayo watengenezaji wa Japani walikubaliana wasitangaze zaidi yake hadi 2004. Hiyo ndiyo Tourer V. Utaitambuaje ikiwa imeegeshwa nje ya duka la dawa?

Usianze na maandishi ya kwenye buti. Nilianza nayo mimi, nikaaibika. Kuna kijana alileta Chaser nyeusi gereji tunapokutana, "Tourer V" imeandikwa nyuma inang'aa, nami kabla hata sijafungua boneti nikaanza kuwahubiria mafundi habari za turbo. Tulipofungua, 1G imelala pale, safi, haina hatia yoyote. Mafundi walinicheka hadi saa ya chai. Zile herufi zinauzwa Kariakoo, zinabandikwa kwa gundi.

Siku hizi naanza na matairi. Tourer V ilitoka kiwandani na tairi za 205 mbele na 225 nyuma, kwa hiyo nyuma pakiwa pana kuliko mbele, nasogea. Kisha, mwenyewe akiniruhusu, natafuta kile kibati cha chini ya boneti kwenye ukuta wa injini. Herufi zake ni rahisi kuliko zinavyotisha: kwenye GX100, G ni injini, X ni ukoo wa Mark II, 100 ni kizazi. Ukikuta JZX100 badala yake, yaani injini ni ya ukoo wa 1JZ, moyo unaanza kwenda mbio. Ukishuka mstari wa gia ukakuta R154, hiyo ni gia ya mkono ya spidi tano, mwambie mwenye gari asiliuze kwa bei ya baluni. (Wengi wanaliuza kwa bei ya baluni.)

Namba za usajili nazo zinasema. Hapa kwetu herufi zinasonga kwa mpangilio, ndiyo maana dalali hujisifu "namba D hii, bosi", "namba E". Gari la zamani lenye namba A limekaa nchini muda mrefu, basi. Linaloniamsha ni gari la zamani lenye namba mpya. Land Rover 109 yenye namba D ilikuwa wapi miaka yote hiyo? Mara nyingi jibu ni mnada: lilikuwa la serikali au la mradi, likiwa na namba za huko, likauzwa, likasajiliwa upya kwa mtu binafsi. Magari ya namna hiyo huwa yamechoka bodi lakini vitu vingi bado ni vya kiwandani, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hamu ya kuyapamba.

Lakini siku niliyoifurahia zaidi mwaka huu ilikuwa Muheza, msimu wa machungwa. Nilishuka kununua maji, nikaona pikapu nyeupe imelemewa kiasi kwamba bampa la nyuma linakaribia lami. Peugeot 404. Saluni yake ungeitambua kwa mapezi ya nyuma, kazi ya Pininfarina, wabunifu wa magari wa Italia, ila pikapu haina mapezi, hivyo nilitambua uso: taa za duara, na pua ile iliyonyooka. Kumbuka Ufaransa waliacha kuitengeneza miaka ya 1970, lakini Kenya waliendelea kuunganisha pikapu hadi 1991, kwa hiyo 404 unayoiona inaweza kuwa changa kuliko sura yake. Na kwetu ina heshima ya pekee: mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, dereva wa hapa Tanzania, alishinda Safari Rally nayo mfululizo.

Mwenyewe alikuwa kivulini, kofia ya kiua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unataka machungwa?"

"Nataka kuliona gari lako, mzee wangu."

Alinipima kwanza. Mtu akisifia gari la zamani huwa anatafuta spea au anatafuta kulinunua kwa bei ya chuma chakavu, na mzee alikuwa amewaona wa aina zote mbili. Nilimwambia mimi ni fundi, nikamtajia kwamba injini ya 404 imelazwa upande kwa nyuzi 45. Hapo akaamka, akafungua boneti mwenyewe.

Injini kweli imelala, na nafasi iliyobaki mkono unaingia hadi kwapani, si kama magari ya leo ya kufungulia bampa ili ubadili taa. Nikaona mpira mmoja wa kushikilia injini hauendani na mwingine. Nikaushika. Ulikuwa umekatwa kutoka tairi la lori, nyuzi zake zinaonekana pembeni, umetobolewa matundu mawili na kufungwa bolti zilizolingana vizuri kuliko kazi nyingi nilizozikagua mwezi ule.

"Nani kakata huu?"

"Mimi. Wa pili huo. Wa kwanza ulikaa miaka tisa."

Nikamwomba nipige picha, namba nikaifunika kwa kiganja. Akapanda, akavuta gia ya usukani kama mtu anayevuta kiti kwenye meza yake mwenyewe, akaondoka taratibu kuelekea barabara kuu. Machungwa mawili yalidondoka kwenye tuta. Nikayaokota.