Rasimu Yako Iko Wapi Umeme Unapokatika?

Katika maabara yetu ya kompyuta hapa Bukavu, wanafunzi wanaoandika TFC (kazi ya kumalizia masomo ya chuo) hutuuliza mara kwa mara: umeme ukikatika katikati ya aya, aya ile imekwenda wapi? Jibu linategemea ilikuwa imefika wapi wakati huo.

Unapofungua rasimu katika programu ya mtandaoni kama Google Docs, iliyoanza mwaka 2006, kivinjari (programu ya kufungulia kurasa za mtandao) huiomba seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza waraka wako, maandishi, nayo huyarudisha pamoja na namba ya toleo la mwisho. Tangu hapo waraka una nakala mbili, moja kwenye seva na nyingine mbele ya macho yako. Unapoandika, programu za aina hii hazipeleki waraka mzima upya (mega zetu za intaneti zisingetosha), bali badiliko dogo tu: neno gani limeongezwa, mahali gani, juu ya toleo lipi.

Namba hiyo ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tuseme wewe uko Kadutu, msimamizi wako yuko Ibanda, na nyote mmefungua toleo la 41. Yeye akifuta sentensi, seva inahamia toleo la 42. Badiliko lako likifika likiwa bado limejengwa juu ya 41, kulipokea lilivyo kungeweza kuliweka neno lako mahali pasipo pake. Programu nyepesi hulikataa na kukutaka uufungue ukurasa upya. Zilizo makini zaidi hulisogeza hadi mahali panapostahili, kwa mbinu ambayo watafiti wa kompyuta Ellis na Gibbs waliieleza mwaka 1989, wavuti ukiwa bado haujafika kwa umma.

Badiliko ambalo seva haijathibitisha kulipokea hukaa kwenye kumbukumbu ya kivinjari, na kompyuta isiyo na betri ikizimika, hupotea. Baadhi ya programu huliandika pia kwenye diski. Google Docs hufanya hivyo endapo uliwasha mapema matumizi ya nje ya mtandao. Lakini nakala hiyo utaipata kwenye mashine ileile na kivinjari kilekile, si katika mgahawa wa intaneti wa jirani, wala baada ya kufuta data za kivinjari.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga ukurasa, tazama kama programu imeandika kwamba kazi imehifadhiwa. Ikiwa bado inasema inahifadhi, nakili aya zako za mwisho kwenye faili la kawaida, kisha usubiri mtandao urudi.