Kabla hujatuma mswada: barua, kurasa za mwanzo na mkataba

Watu wengi Dar es Salaam wanaotaka kutoa kitabu huanza kwa kumtafuta mtu wasiyemhitaji. Wamesikia kwamba waandishi wa Uingereza na Marekani wana mawakala, yaani watu wanaowatafutia wachapishaji, basi nao wanauliza wakala anapatikana wapi. Kwa kitabu cha Kiswahili kitakachouzwa hapa nchini, wakala hana kazi ya kufanya. Wachapishaji wetu, kama vile Mkuki na Nyota iliyoanza mwaka 1991, wamezoea kushughulika na mwandishi mwenyewe. Wakala anaingia pale unapoandika kwa Kiingereza na unalenga London au New York, ambako nyumba nyingi kubwa za uchapishaji hazifungui mswada usiopitia mikononi mwake. Huko tutafika.

Kosa la pili ni kumchanganya mchapishaji na mpiga chapa. Mpiga chapa anakuuzia karatasi, wino na gundi. Mlipe, na kitabu kitatoka, kiwe kizuri kiwe kibovu, yeye hakisomi. Mchapishaji anatoa fedha zake kulipia uhariri, usanifu wa jalada, chapa na usambazaji, halafu anakulipa wewe mrabaha kwa kila nakala inayouzwa. Kipimo ni kimoja tu: tazama fedha inatoka mfuko upi kwenda upi. Anayejiita mchapishaji huku akikudai “ada ya kusoma mswada” au “mchango wa mwandishi” ni mpiga chapa aliyevaa koti la mchapishaji, na bei yake kwa kawaida ni kubwa kuliko ya mpiga chapa wa kweli.

Kujichapishia si aibu. Wengi mjini hufanya hivyo, na vitabu vya dini, biashara na maisha huuzika vizuri sana kwenye semina na makongamano. Ila fanya ukijua unachofanya. Omba ISBN, namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo Maktaba Kuu yake iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Namba hiyo ina tarakimu 13, huanza na 978, kisha hufuata kundi la nchi, kwa Tanzania mfano 9976 au 9987. Kila umbo la kitabu lina namba yake: jalada laini moja, jalada gumu nyingine, kitabu cha kielektroniki nyingine. Wapo wanaonakili namba ya kitabu kingine ili jalada lipendeze. Siku duka likiingiza namba hiyo kwenye kompyuta, linatokea jina la mtu mwingine.

Aliyeandika kitabu cha shule asimame hapa kidogo. Vitabu vya kiada huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) yenyewe, tangu kamati iliyokuwa ikiidhinisha vitabu vya wachapishaji binafsi, EMAC, ilipovunjwa mwaka 2013. Kumpelekea mchapishaji binafsi “Hisabati Darasa la Tano” ni kumpa mzigo asioweza kuubeba. Kilicho wazi kwake ni vitabu vya ziada, navyo hupitia TET kupata ithibati kabla ya kuingia darasani.

Mswada wenyewe

Tuma faili la Word. PDF haihaririki kirahisi, na picha za kurasa za daftari zilizotumwa kwa WhatsApp hakuna atakayezisoma. Tumia Times New Roman ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo za sentimita 2.5 pande zote, namba kwenye kila ukurasa, jina lako na jina la kitabu juu. Nafasi mbili si urembo, ni mahali pa kupita kalamu ya mhariri.

Siku hizi riwaya nzima huandikwa kwenye simu, na hilo halina ubaya, ila kibodi iliyowekwa Kiingereza inasahihisha ambacho hakijakosewa. “Kama” inaweza kugeuka “karma”, nawe usione kwa sababu jicho lako linasoma ulichokusudia. Weka lugha ya kibodi kuwa Kiswahili, kisha soma mswada wote kwa sauti walau mara moja. Sikio hushika yaliyolipita jicho: sentensi isiyo na pumzi, mazungumzo ambayo hakuna mtu wa Mbagala anayeweza kuyasema, neno “ambaye” lililorudiwa mara tano ndani ya aya moja.

Urefu nao unawachanganya watu. Miongozo ya Kiingereza inataka riwaya ya maneno 80,000 hadi 100,000, na mwandishi wa hapa anaanza kujaza maji ili afike huko. Kiswahili huunganisha. “Sitakupigia” ni neno moja. Mwingereza anahitaji manne. Riwaya ya Kiswahili ya maneno 40,000 au 50,000 ni kitabu kamili kabisa. Kinachombana mchapishaji ni idadi ya kurasa, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 16 kwa mara moja. Kitabu cha kurasa 160 kinakaa sawasawa. Cha kurasa 163 kinalazimisha mkunjo mwingine, na kurasa zilizobaki zinatoka tupu, au mhariri anakaza nafasi hadi zile tatu zitoweke.

Barua

Barua ya kupeleka mswada isizidi ukurasa mmoja. Kazi yake ni kumfanya msomaji wa ofisini afungue faili, basi. Barua nyingi huanza hivi: “Mimi ni mwandishi chipukizi mwenye kipaji tangu utotoni. Naomba msome riwaya yangu yenye mafunzo mengi kwa jamii.” Hakuna uongo hapo, lakini hakuna kitabu pia. Barua hiyohiyo inaweza kwenda na miswada mia moja bila kubadilisha herufi. Linganisha na hii, ya riwaya tuliyoitunga kwa mfano tu:

“Naleta riwaya ya maneno 52,000, Boti ya Mwanahawa. Mwanahawa anauza samaki Feri. Siku moja baada ya arobaini ya mumewe, wanakuja wanaume wawili, kila mmoja na karatasi yake, kila mmoja akidai kuuziwa boti ileile. Akimkubali mmoja, amekiri mbele ya watu kwamba marehemu alikuwa tapeli. Akiwakana wote wawili, anapoteza meza yake sokoni, maana mmoja wao ndiye anayempa samaki kwa mali kauli.”

Sentensi tano tu, nasi tunajua nani, wapi, ametokewa na nini, na kwa nini kila njia ina gharama. Mwandishi hajasema kitabu kinasisimua. Ameacha “mali kauli” ikae palepale bila maelezo, na neno hilo linaonyesha kuwa anaijua biashara anayoiandika. Baada ya aya hiyo ongeza aya fupi kuhusu nani atakinunua kitabu, taja kimoja au viwili vya miaka ya karibuni vinavyokaa nacho rafu moja, kisha sentensi mbili kuhusu wewe: umechapisha wapi, unafanya kazi gani inayohusiana na kisa. Kama hujachapisha popote, usiseme lolote. Kujishusha (“samahanini kwa makosa mtakayoyakuta”) kunamwambia mhariri kwamba makosa uliyaona ukayaacha.

Ambatisha sura tatu za mwanzo, tena za mwanzo kweli. Wapo wanaotuma sura ya saba kwa sababu “ndipo utamu unapoanzia.” Kama utamu unaanzia sura ya saba, sita za kwanza ndizo za kukatwa.

Muhtasari ni kitu kingine tena, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ni ukurasa mmoja unaosimulia kisa chote hadi mwisho, pamoja na siri zake. Ukimalizia na “Je, Mwanahawa atafanikiwa? Fuatana naye…”, umeandika maneno ya jalada la nyuma. Mhariri anataka kujua kama umeweza kukifunga kisa, kwa sababu riwaya nyingi zinazoanza kwa nguvu huvunjikia theluthi ya mwisho.

Hofu ya kuibiwa isikuzuie kutuma. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, haki yako inaanza pale ulipoandika. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kunakupa ushahidi, hakuizai haki. Na kinacholindwa ni maandishi: wazo la mjane na boti haliwezi kuwa mali ya mtu.

Baada ya kutuma, andika kwenye daftari tarehe, jina la ofisi na ulichopeleka. Subiri miezi mitatu, kisha uliza kwa barua pepe ya mistari miwili. Kupita ofisini “kusalimia tu” kila Ijumaa hakuharakishi kitu. Ukipeleka kwa wachapishaji wawili kwa pamoja, waambie wote. Wakati huo unaosubiri, angalia tuzo zinazopokea miswada isiyochapishwa: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyo chini ya TET na ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, na Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Soma masharti yake, hasa yanayosema nani atabaki na haki za kuchapisha.

Ukilenga nje

Kwa riwaya ya Kiingereza, wakala anataka mswada uliokamilika. Kwa kitabu kisicho cha kubuni, pendekezo na sura za mfano humtosha. Mawakala wa Uingereza kwa kawaida huomba barua, muhtasari na sura tatu au maneno kama 10,000. Wa Marekani mara nyingi huomba barua na kurasa 5 hadi 10 zilizobandikwa ndani ya barua pepe, kwa kuwa viambatisho hawavifungui. Fuata tovuti ya kila mmoja neno kwa neno. Tuma kwa mawakala sita au wanane kwanza, si sitini. Wote wakikataa kimya, tatizo liko kwenye barua au kurasa za mwanzo, nawe bado una wengine wa kuwaendea ukishairekebisha.

Wakala halali hachukui shilingi kabla yako. Hukata asilimia 15 ya malipo ya soko la nyumbani kwake na kama 20 ya tafsiri na masoko ya nje. Malipo ya awali, yale mchapishaji anayokulipa bila kungoja mauzo, hayaji kwa mkupuo, huja kwa awamu: kusaini, kukabidhi mswada wa mwisho, kutoka kwa kitabu. Kwa fedha ya Marekani utajaza fomu ya kodi W-8BEN, na kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo, tarajia zuio la asilimia 30 kwenye mrabaha. Bora uliweke kwenye hesabu mapema kuliko kulishangaa benki.

Mkataba

Tuseme mchapishaji wa hapa amekubali, na mkataba unasema “mrabaha asilimia 10”. Kumi ya nini? Kitabu kinauzwa shilingi 15,000. Asilimia 10 ya bei ya jalada ni 1,500. Lakini duka likichukua punguzo la asilimia 40, mchapishaji anabaki na 9,000, na asilimia 10 ya pato hilo ni 900. Kwa nakala 1,000, tofauti ni shilingi 600,000, yote ndani ya maneno mawili. Mikataba ya namna zote mbili ipo na yote ni halali, mradi ujue unasaini upi, na kama ni wa pato, omba asilimia ipande.

Angalia pia haki unazotoa: lugha gani, nchi zipi, umbo gani, miaka mingapi. Sauti, filamu na tafsiri zitajwe moja moja, na ambayo mchapishaji hana mpango nayo ibaki kwako. Taarifa ya mauzo ije walau mara moja kwa mwaka, kwa maandishi. Neno “kuuza hakimiliki” likionekana kwa malipo ya mara moja, mpelekee mwanasheria kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kifungu kinachosahaulika ni cha haki kurudi. Zamani kilisema kwamba nakala zikiisha na mchapishaji asipochapa upya ndani ya miezi sita tangu umwandikie, haki zinarudi kwako. Leo kitabu cha kielektroniki hakiishi dukani hata kama hakuna anayekinunua, hivyo kwa lugha hiyo ya zamani utangoja milele. Omba kiwekwe kiwango cha mauzo, kwa mfano nakala 50 kwa mwaka kwa maumbo yote. Zikishuka chini ya hapo miaka miwili mfululizo, unaandika barua na kitabu kinakuwa chako tena.